Diski Iliyokwenda Bombo

Inatangazwa kwa furaha kubwa, na wahusika wote wafurahi, kwamba kompyuta za wafanyabiashara wadogo wa Kampala zimegunduliwa kuwa hazina nidhamu. Waliogundua ni Mamlaka ya Utulivu wa Kompyuta na Siri za Wateja, yenye makao yake Bugolobi, ghorofa ya tatu, mlango usio na kitasa. Tangazo lao lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye kila mlango wa biashara Nateete, na kwenye milango miwili ya watu wasio na biashara yoyote, kwa tahadhari.

Zuleika alilikuta lake akiwa na funguo mkononi. Hakulisoma kwa makini, maana alikuwa analijua. Lilichapwa humo humo dukani kwake Ijumaa, nakala mia nne, na Akullo, karani wake wa kuchapa, ndiye aliyewakumbusha wenyewe kuweka tarehe.

Hapa mtu asiye na shukrani atauliza: Mamlaka ya Kompyuta inachapisha Nateete, kwani yenyewe haina kompyuta? Inazo! Inazo kumi na mbili, mpya, bado zimevaa nailoni za dukani. Ila baada ya utafiti wa miaka miwili na safari nne za mafunzo, wataalamu walibaini kwamba kompyuta iliyozimwa haijawahi kuibiwa siri hata moja. Kwa hiyo hazijawashwa. Kila ofisa amefunika yake kwa kitambaa cha kufuma kilicholetwa na mkewe, na kila barua, kila ripoti, kila orodha ya wafanyakazi hubebwa kwa mkono kuvuka mji hadi kwa Zuleika. Nateete ilichaguliwa kisayansi: ndiko anakokaa Bwana Wandera, Mkaguzi Mwandamizi. Kwa miaka kumi haijavuja hata koma. Hiyo ndiyo inaitwa kazi.

Zuleika ni mama wa Kinubi, mzaliwa wa Bombo, mpole mpaka umfundishe kazi yake. Duka lake lina kompyuta mbili, printa moja inayokohoa na mashine ya kulamineti. Anachapa kadi za kwanjula, maana hapa bwana harusi hatambulishwi kwa wakwe bila kadi yenye maua. Anachapa barua za kuomba kazi na picha za pasipoti. Na hafuti kitu. Mwaka mmoja umeme ulikatika ukarudi na hasira, kompyuta yake ya kwanza ikaungua na harusi thelathini na moja tumboni. Zuleika alilia kama aliyefiwa, na maharusi wakaja kumsaidia kulia. Tangu hapo, kila Ijumaa alasiri shangazi yake, Safinah, huja kutoka Bombo na diski ndogo ndani ya kopo la karanga. Zuleika hunakili humo kazi yote, na shangazi hurudi nayo Bombo. Hakuna fomu, hakuna muhuri. Unaona jinsi hali ilivyokuwa mbaya.

Jumanne Bwana Wandera alikuja kukagua. Ni yule yule Wandera wa kila wiki, ila siku hiyo alikataa kiti, ili ijulikane kwamba yuko kazini.

"Mama, nywila yenu ni ipi?"

"Nini, ssebo?" Zuleika aliuliza, kwa heshima ya Kiganda.

"Paswadi."

Akullo alimwonyesha kikaratasi kilichobandikwa kwenye skrini. Wandera alifumba macho kama aliyeumwa jino.

"Hiyo ni ya wezi," Zuleika alimtuliza. "Wakiijaribu mara tatu, mashine inajifunga. Ya kweli iko kichwani kwangu."

Wandera aliandika, akisema kwa sauti: "Nywila... imehifadhiwa kichwani... bila kibali." Kisha akaeleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba siri haiwekwi ovyo kichwani. Inaandikwa kwenye Fomu ya Siri, nakala tatu, na kubandikwa ubaoni siku kumi na nne ili mwananchi mwenye pingamizi aseme. Baada ya hapo ndipo inakuwa siri rasmi.

"Na kabla ya hapo?"

"Siri ya muda."

Kutoka kwenye mkoba wake alitoa ubao wa matangazo, akaupigilia nje ya mlango. Akatoa pia beji ya plastiki. Kila biashara, alisema, lazima iwe na Afisa Mlinzi wa Taarifa. Mtu yeyote anayetaka kuona taarifa, hata kama ni zake, ataomba kwa huyo afisa kwa maandishi, nakala tatu, picha mbili za pasipoti, na ombi libandikwe ubaoni siku kumi na nne. Mwenye duka anaweza kujiteua, mradi yeye na yeye wawasiliane kwa barua. Zuleika akajiteua. Wandera akagonga muhuri, akampa mkono wa pongezi.

Mambo yangeishia hapo, tukabaki na amani. Lakini Akullo ni mtu wa kujivunia kazi ya bosi wake.

"Na kopi ziko Bombo, ssebo! Hata duka likiungua leo, hatupotezi kitu!"

Wandera alikaa. Kile kiti alichokikataa, alikikalia.

"Nakala rudufu?" alinong'ona. "Siri moja... katika wilaya mbili?"

Agizo la Kumi na Nne liliandikwa papo hapo, na kuchapwa na Akullo. Taarifa zote za watu zifutwe kwenye mashine zote mbili, na diski ivunjwe kwa nyundo mbele ya Mkaguzi, Ijumaa saa sita mchana. La sivyo duka lipigwe lakiri hadi taarifa nyingine.

Jumatano ilipita kwa utaratibu mzuri. Zuleika alimwandikia Afisa Mlinzi kuomba ruhusa ya kuwasha kompyuta. Afisa Mlinzi alimjibu kwamba ombi limepokelewa, akamsifu kwa mwandiko. Saa nne aliingia Owuor, Mkenya anayeuza vipuri vya pikipiki mtaa wa pili.

"Mama, nipe ile barua yangu ya jana."

"Jaza fomu. Baada ya siku kumi na nne."

"Ya kuona barua yangu? Kwani aliyeiandika ni nani?"

"Wewe."

"Na siri ilikuwa ya nani?"

"Yako."

"Sasa ninafichwa mimi?"

"Unalindwa, Owuor. Si kitu kimoja."

Owuor alijaza fomu, akitukana polepole kwa Kijaluo.

Lakini mlango ulipofungwa jioni ile, Zuleika hakucheka. Aliogopa, tena sana. Duka likifungwa, yeye na Akullo watakula nini? Na akifuta je? Kwenye kompyuta yake kuna folda moja inaitwa BWAISE, kwa jina la mtaa wa bondeni. Kule mvua ikinyesha maji huingia nyumbani bila hodi, na kesho yake foleni huanza dukani: huyu kapoteza cheti cha ubatizo, yule makubaliano ya kiwanja, Ayoo kadi ya kliniki ya mtoto ambayo mafuriko yameichukua mara mbili na mara mbili Zuleika kaichapa upya. Ofisi yenye muhuri wa kopo la karanga, watu wa Bwaise huiita hivyo, na hawana nyingine.

"Hajati, tudanganye," Akullo alisema. "Tumwambie shangazi asije."

"Nikidanganya atapiga lakiri, na BWAISE itafungiwa humo humo. Nisipodanganya ataivunja." Alifuta macho kwa ncha ya leso. "Banange, mtu mmoja na nyundo!"

Ijumaa, saa sita kamili, mtu na nyundo alifika. Nyundo yenyewe alikuwa ameiazima kwa Owuor.

"Diski?"

"Shangazi anaswali kwanza. Saa tisa atakuwa hapa."

"Basi tuanze na mashine. Anza na folda kubwa kuliko zote."

Zuleika aliangalia. Kubwa kuliko zote iliitwa MAMLAKA.

"Ssebo, hii ni yenu."

Wandera alinyoosha mgongo. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama mlangoni, na mtu hapati kila siku nafasi ya kuwa mfano. "Mamlaka haijipendelei, mama. Futa."

"Miaka kumi yote?"

"Futa! Na lile pipa la takataka la kompyuta, limwage pia."

"Kale, sawa. Naomba kwa maandishi."

Akullo alichapa, Wandera akasaini, akagonga muhuri wake mara mbili kwa raha. Zuleika alibonyeza. Miaka kumi ya Mamlaka ilikwenda kwa sauti ndogo, kama karatasi inayokunjwa. Kwenye mashine ya pili vilevile. Wandera akaguna kwa kuridhika.

"Inayofuata?"

"BWAISE," Zuleika alisema, na kidole chake kikagoma.

Simu ya Wandera ikalia. Alikuwa Daktari Adyero, Mkurugenzi wa Mamlaka, mama mwenye sauti isiyohitaji simu.

"Wandera! Kamati ya wageni inakuja Jumatatu. Wanataka ile Ripoti ya Miaka Kumi ya Kutopoteza Taarifa. Niletee."

Mtu mweusi hageuki mweupe, lakini Wandera alijaribu.

"Ipo, Madam," alisema. "Ipo... katika hali ya utulivu." Akakata simu, akamgeukia Zuleika. "Mama, irudishe."

"Kutoka wapi, ssebo? Pipa tumemwaga."

"Kwani hamna..." Hapo akanyamaza, maana neno lililofuata lilikuwa "nakala," na nyundo ilikuwa bado mkononi mwake.

Alisimama mlangoni hadi saa tisa. Shangazi Safinah alipotokea na gauni lake la gomesi la kijani na kopo kwapani, Wandera alificha nyundo mgongoni akamkimbilia.

"Shangazi, karibu! Pole na safari! Lete nikubebee."

"Huyu nani?" Shangazi akalikumbatia kopo. "Ndiye yule wa nyundo?"

"Ndiye," Zuleika alijibu. Alikuwa ameshavaa beji. "Shangazi, kaa. Bwana Wandera, unataka kuona taarifa?"

"Haraka sana!"

"Nakala tatu na picha mbili za pasipoti. Picha tunapiga hapa hapa."

"Mama, sheria hiyo nimeiandika mimi mwenyewe!"

"Ndiyo maana naiheshimu."

Wandera alipigwa picha. Ya kwanza alikuwa amefumba macho, wakarudia. Akullo akaweka vidole kwenye kibodi.

"Sababu ya kuomba?"

Wandera alinong'ona kitu.

"Kwa sauti, ssebo. Chini ya fomu mmeandika kwamba sababu ya uongo ni kosa."

Akaitoa, neno kwa neno: Mamlaka haina nakala ya kitu chochote. Akullo aliichapa kwa herufi kubwa, kwa heshima. Kisha Afisa Mlinzi akamweleza mwombaji mambo mawili. Kwanza, diski yenye ombi linalosubiri haivunjwi. Pili, duka lenye afisa mwenye maombi mezani halipigwi lakiri, la sivyo maombi yatapokewa na nani? Wandera akachapisha, akasaini na kugonga muhuri barua ya kufuta Agizo la Kumi na Nne, lote, daima. Zuleika aliisoma mara mbili, ndipo akavuta pumzi. BWAISE ilikuwa mahali pake.

"Sasa nipe ripoti," Wandera alisema.

"Baada ya siku kumi na nne," Zuleika alisema, akatoka kwenda kubandika ombi ubaoni.

Jumatatu kamati ilitembelea Bugolobi. Ilipendezwa mno. Wajumbe waligusa vitambaa vya kufuma, wakathibitisha kwamba kompyuta kumi na mbili hazivujishi chochote. Walipouliza ripoti, Mkurugenzi aliambiwa na Wandera kwamba iko Nateete, chini ya ulinzi. Wakapanda magari matatu wakaenda Nateete.

Mvua ilikuwa imenyesha Jumapili, kwa hiyo walikuta foleni ya Bwaise, na Akullo akawaonyesha mwisho wake. Wakiwa wamesimama nyuma ya Ayoo na mtoto wake, mwenyekiti wa kamati alivaa miwani akasoma ombi la Wandera ubaoni kwa sauti, likiwa na picha zake mbili.

"Sasa," mwenyekiti aliuliza, "kwa miaka kumi, taarifa za Mamlaka zimelindwa na nani?"

Mkurugenzi alimtazama Wandera. Wandera alimtazama Zuleika. Zuleika alikuwa anamchapia Ayoo kadi ya kliniki kwa mara ya tatu, akajibu bila kuinua kichwa.

"Shangazi yangu."

Siku ya kumi na nne, muda wa pingamizi ulifungwa. Zilipokelewa mia mbili na nane. Ya Owuor ilikuwa fupi: hana ugomvi na ripoti, ila Wandera naye asubiri kama yeye Owuor alivyosubiri, na arudishe nyundo. Pingamizi ya mia mbili na nane ilikuwa ya Mkurugenzi mwenyewe, akipinga ombi la ofisi yake kwa sababu limeaibisha ofisi yake. Kwa utaratibu, kila pingamizi hujibiwa baada ya siku nyingine kumi na nne. Zote zilichapwa kwa Zuleika. Ijumaa shangazi alikuja na kopo la karanga, nakala zikaingia, akapanda gari kurudi Bombo.