Haki Zangu na Kichwa cha Cherehani

Jumatatu, 6 Julai 1998

Malimi ametoka kuitafuna stakabadhi ya polisi sasa hivi. Nimemwingiza kidole mdomoni, nimeokoa kona moja yenye nusu ya sahihi ya koplo. Anacheka! Meno manne yote nje. Siwezi kumkasirikia. Karatasi iliyobaki nimeianika kwenye kamba pamoja na nepi.

Maana bila karatasi ile sina kitu. Ngoja nieleze vizuri, ingawa sijui namweleza nani. Daftari halijibu, lakini pia halinicheki.

Asubuhi nilikwenda Kirumba kuchukua kichwa cha cherehani cha Shangazi Evelina. Ndiye aliyenilea. Mwezi uliopita alihamia Ukerewe, macho yake hayaoni tena tundu la sindano, akaniachia kichwa chake kwa jirani. Cheusi, cha mkono, maua ya dhahabu ubavuni yamebaki mawili. Nitashona sare za shule! Nitakaa barazani, Malimi miguuni, tutakula bila kumwomba mtu. Nestory akirudi kutoka machimboni atamkuta mkewe ni fundi. (Miezi mitano hajaandika. Posta siku hizi wana matatizo.)

Nikapanda pikapu iliyobeba magunia ya mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani wakishatoa minofu. Kichwa nikakisukuma katikati ya magunia, nikakifunika kitenge. Kwa nini nifiche kitu changu mwenyewe? Sijui. Nilidhani kitu cha thamani hufichwa.

Kabla ya kufika kwetu Mkolani, kizuizi. Askari ni Koplo Alexander, mrefu, mpole tu. Akapekua magunia, akakipata. Akauliza ni cha nani.

Hapo nikakumbuka semina! Mwezi wa tano, ukumbi wa parokia, mama mmoja mwanasheria alitufundisha haki za vijana wakisimamishwa na polisi barabarani. Moja, una haki ya kunyamaza. Mbili, wakichukua kitu chako wakupe stakabadhi. Tatu, ukiwa chini ya miaka kumi na minane, mzazi au mlezi wako ajulishwe. Mimi nina kumi na saba. Baada ya hapo Malimi alilia, nikatoka nje, nusu ya pili sikuisikia.

Basi nikanyamaza. Akauliza tena, cha nani, binti? Kimya. Jina lako? Kimya. Umekitoa wapi? Nikaangalia mawe ya mlimani. Dereva akaninong'oneza, we mama vipi, sema ni chako tuondoke, mzigo unaoza! Abiria wakaanza kunibembeleza. Kadiri walivyobembeleza ndivyo nilivyojiona shujaa. Koplo akasubiri, akajifuta jasho, akasema haya, kitu kisicho na mwenyewe kitalala kituoni. Ndipo nikafungua mdomo kwa mara ya kwanza: nadai stakabadhi! Akaandika bila ubishi. Kichwa cha cherehani, kimoja, cheusi.

Nimerudi nyumbani naimba. Nimeshinda! Sheria imefuatwa! Nikamlaza Malimi, nikasafisha meza, nikavuta kigoda, nikakaa nishone.

Meza tupu.

Jumanne, 7 Julai

Sabasaba. Nyumba nzima imekwenda kwenye maonyesho. Tumebaki mimi, Malimi na kuku wa mwenye nyumba.

Malimi ametembea peke yake hadi mlango wa Moza, hatua saba, nimezihesabu. Hakuna aliyemwona zaidi yangu. Akabisha kwa kiganja. Nikamwambia wameondoka, baba. Akabisha tena. Akakaa chini akasubiri. Nikakaa naye. Ilikuwa afadhali kidogo kuliko kukaa ndani.

Moza ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Anauza vitumbua. Kwake hakukosi mtu, ni vicheko asubuhi hadi jioni, na ukuta ni mwembamba. Akicheka najua ananicheka mimi. Sina ushahidi, ila najua.

Jioni akarudi na puto jekundu la Malimi. Kujionyesha tu. Kumbe habari zimeshamfikia, Mkolani nzima wananiita bubu wa mapanki. Akasema mbona rahisi, mama Malimi, mwandikie shangazi yako, meli zinakwenda kila siku, ajibu mistari miwili kwamba amekupa yeye, upeleke kituoni, basi. Nikamshukuru, nikamwambia mimi nina njia zangu. Akaniangalia kwa huruma. Huruma! Nani kamwomba?

Na huyo shangazi ningemwandikia nini? Ulichokitunza miaka ishirini, mimi nimekaa nacho saa moja? Hapana. Iko haki ya tatu. Mlezi. Nikipata mlezi wa kusimama mbele ya koplo, kichwa kinarudi.

Mlezi wangu ni nani? Baba na mama wamekufa. Shangazi hapana. Amebaki mume.

Puto limepasuka. Malimi amelia kidogo, mimi zaidi kidogo.

Jumatano, 8 Julai

Mpango mkubwa! Nestory ameandika barua.

Yaani nimeiandika mimi, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko uwe wa kiume. Kwa Mkuu wa Kituo. Mimi Nestory, mume na mlezi halali wa Paskazia, nathibitisha kwamba cherehani ni mali yake. Hapo ilitosha. Ila karatasi ilikuwa bado na nafasi. Nikaongeza kwamba huku machimboni mvua ni nyingi ndiyo maana nimechelewa kuandika. Kalamu ikawa inakwenda yenyewe. Kwamba mke wangu ni mtu mzuri. Kwamba nasikia mtoto ameota meno manne. Kwamba namkumbuka kila ninapokula, maana huku hakuna anayepika kama yeye. Nikaisoma mara tatu. Barua nzuri sana. Nilitamani isiende polisi.

Kituoni Koplo Alexander ameisoma kwa sauti. Yote! Askari wa zamu aliyekuwa anasikiliza habari za Kombe la Dunia akazima redio. Alipofika kwenye meno manne, Malimi mgongoni akacheka akayaonyesha.

Koplo akauliza mume wangu yuko wapi. Machimboni. Barua imeandikwa lini? Leo, afande. Akageuza karatasi. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kwamba Nestory yuko machimboni lakini barua ina alama za vidole vidogo vya uji? Nikatumia haki ya kunyamaza.

Nilidhani atanitia ndani. Akaikunja vizuri, akanirudishia mkononi, akasema hii itunze, binti. Lete mtu mzima anayekifahamu hicho kichwa, au wewe mwenyewe ueleze kimetoka wapi. Nikamwambia mimi ni mtoto kisheria, sielezi bila mlezi. Akamtazama Malimi. Akasema sawa, mtoto, mpeleke na huyo mtoto akale.

Barua nimeiweka chini ya mto. Si kwa sababu yoyote. Nimekosa pengine pa kuiweka.

Alhamisi, 9 Julai

Sijalala vizuri lakini akili imefunguka. Nimepata baba!

Mzee Nkwabi, fundi baiskeli wa pale njia panda. Mvi, kofia, sauti nzito. Anaishi peke yake. Nimemwamkia shikamoo, akasema marahaba, nikamweleza. Kazi ni ndogo, ni kuwa baba yangu nusu saa. Malipo, ugali na mapanki ya kukaanga siku mbili. Akafikiri sana. Akauliza pilipili zitakuwepo? Nikasema zitakuwepo.

Amekuja jioni tukafanya mazoezi. Nikamfundisha: unaitwa baba wa Paskazia, kichwa ni cha dada yako Evelina, basi. Akarudia vizuri. Akala. Akampakata Malimi, akamwimbia wimbo wa Kisukuma wa kulimia, Malimi akalala palepale kifuani. Kisha akaniuliza mume wangu ni wa wapi, na nilichukuliwaje kwetu. Nikamweleza tu, si anauliza. Kwamba Nestory alikuja na mwenzake mmoja, akaahidi atarudi kwa shangazi kuzungumza rasmi, hajarudi. Mzee akatikisa kichwa. Akakaa hadi uji ukapoa.

Vizuri kuwa na mtu upande wa pili wa meza. Nimesahau kuosha sahani yake. Nimeiacha hapo ilivyo.

Ijumaa, 10 Julai

Aibu! Aibu yenye miguu na kofia!

Tumefika kituoni saa nne. Koplo yuko kizuizini, mezani yupo askari wa kike, Afande Getruda, mnene, ana kalamu nyuma ya sikio. Mzee Nkwabi akavua kofia. Akaanza vizuri: mimi ndiye baba wa Paskazia. Nikashusha pumzi. Afande akasema karibu mzee, una shauri gani?

Mzee akasema anashtaki.

Anashtaki! Akasema binti yake amechukuliwa na kijana mmoja Nestory bila kuonekana hata kwato ya ng'ombe. Kwamba yeye kama baba hajaona wazee, hajaona jembe, hajaona kitu. Kwamba kijana ameshapata mtoto wa kiume, tena mzuri, amelala kifuani mwake jana tu, halafu amekimbilia machimboni. Anataka ng'ombe kumi na wawili na afande aandike! Nikamvuta shati. Akanigeukia kwa ukali, nyamaza, mwanangu, haya ni mambo ya wazazi! Nikamnong'oneza, cherehani, mzee, cherehani! Akasema cherehani itajadiliwa baada ya ng'ombe.

Watu waliokuwa kwenye benchi wakamuunga mkono. Mama mmoja aliyekuja kwa kesi ya mbuzi akasema kumi na wawili ni wachache, msichana mwenyewe si anasoma na kuandika? Mzee akapanda hadi kumi na watano.

Afande Getruda akaweka kalamu chini. Akamwuliza binti yako huyu alizaliwa mwaka gani? Mzee akanitazama. Akasema mwaka wa njaa. Njaa ipi? Akasema zile zote.

Nikajua tumekwisha. Afande akamwambia mzee akapumzike kwenye benchi, akanigeukia mimi. Hakuuliza cha nani. Aliniuliza, eti, Paskazia, hicho kichwa kina ugonjwa gani?

Nani aliwahi kuniuliza hivyo? Nilifunguka! Nikamwambia sindano usiisukume hadi juu, acha unene wa kucha, la sivyo inagonga. Kitambaa kizito kinaruka mishono. Chini ya skrubu ya kushoto kuna karatasi ya sigara imekunjwa mara nne, shangazi aliiweka mimi nikiwa darasa la pili, ikitoka kinatetemeka chote. Ukizungusha mkono kinyume kinalia kama bata. Siku za mvua kinakata uzi, ukipashe kwanza karibu na jiko. Nikamwambia na chini, asikoona mtu, kuna alama ya moto, nilikiwekea pasi nikiwa na miaka tisa, shangazi hakunichapa, alilia tu.

Akakitoa kabatini. Akakigeuza. Alama hii hapa. Akafungua skrubu kwa ncha ya kisu, karatasi hii hapa. Akazungusha mkono kinyume. Bata!

Akanipa daftari niweke sahihi. Akasema ungeyasema haya Jumatatu barabarani, binti, tungemaliza kabla gari halijapoa.

Njiani mzee akakibeba begani. Akaomba radhi. Akasema alipoanza kusema binti yangu, moyo ulimwenda mbali. Nimemwambia hakuna neno, kesho kuna mapanki.

Lakini nimekaa nimefikiri. Afande kasema vile kulinda heshima ya kituo. Ukweli ni kwamba kilichowatisha ni baba. Mtu mwenye ng'ombe kumi na watano wa kudai si wa kuchezea. Haki ya tatu imefanya kazi!

Jumapili, 12 Julai

Jana nimeshona sketi tatu. Bata ameimba siku nzima. Mzee Nkwabi amekula, amemkarabatia Malimi kigari cha waya. Kutoka kwa Nestory hakuna kitu.

Asubuhi hii Moza amebisha mlango. Yeye kwangu! Sikuwa nimefagia. Mdogo wake Raya, wa miaka kumi na mitano, jana amesimamishwa kwenye kizuizi kilekile na gunia la mitumba. Ameambiwa arudi na mtu mzima wake. Wazazi wao wako Tabora. Moza anasema atakwenda yeye dada yake, atachukua risiti ya mitumba, atasema ukweli, watarudi kabla ya mchana.

Nilimwonea huruma. Watu hawajui sheria! Nikamweleza kwamba dada hatoshi, polisi wanataka mzazi, tena mkali, na risiti asiitoe kabisa mpaka waombe mara tatu. Alicheka hadi akakaa kwenye kigoda changu. Akasema basi njoo unisindikize, mama Malimi, njia ni ndefu, tutapiga soga.

Nimekubali. Hakuna aliyewahi kuniomba nimsindikize tangu nimehamia hapa. Amekwenda kuvaa. Malimi amempelekea kiatu chake kimoja.

Nami nimeshapanga kila kitu, nitamshangaza. Nimevaa gauni la kanisani. Nimefunga kilemba kikubwa nionekane mtu mzima. Raya nimemwonya asitamke hata jina lake. Nikifika nitamwambia Koplo Alexander, bila kupepesa macho, kwamba Raya ni mwanangu wa kwanza, na nilimzaa nikiwa na miaka, ngoja kwanza, kumi na saba ukitoa kumi na mitano inabaki, Moza ananiita huko nje, mama Malimi we, twende jua linapanda, naja, naja, inabaki