Shitingi Moja, Wazee Wawili

Lundi, tarehe 6 Novemba 2023
Miye Télesphore, mufugaji wa Masisi. Miaka themanini na moja! Nimemaliza vita sita, volkano tatu, na meno yote isipokuwa mane. Hii kambi ya wakimbizi ya Lac Vert nitaimaliza pia.

Leo kwenye mugao kumebaki shitingi moja, turubai ya kufunika nyumba. Yetu ina matundu, mvua inamulowesha muke wangu Nyirakamana mpaka anakohoa. Nimeishika. Kumbe Kakule naye ameishika! Kakule, jirani yangu, muchuuzi wa Butembo. Tumevutana mbele ya Mama Émérance, mukubwa wa bloki. Akasema tuache, wazee wazima, tutaipasua.

Mwalimu Honoré akaingia kati. Ati zamani sana Ulaya watu walitembea siku nyingi kuzuru kaburi la mutakatifu, kila mutu anatoa hadithi njiani, mwenye kushinda analishwa bure. Na sisi tufanye vile kwenye foleni ya maji. Mama Émérance atahukumu.

Hadithi! Kakule amekwisha!

Mardi, tarehe 7
Nimemufuata Honoré anipe siri. Amesema wale wa kale walikuwa wanachokozana. Musaga unga anamucheka seremala, seremala anawaka, analipiza kwa hadithi yake, na safari inasonga. Bila ugomvi, hadithi ni gari bila mazutu. Halafu aliongeza kitu juu ya mutu wa hasira kujiangusha mwenyewe. Hapo nilikuwa nimeisha kuondoka.

Mercredi, tarehe 8
Mabidoni ya maji chini, foleni yote masikio. Nikatoa yangu: muchuuzi aliyebonyeza tako la kopo lake la kupimia ili maharagwe yaingie kidogo. Siku ya kufa, seremala naye akamubonyezea sanduku. Akazikwa miguu inje!

Watu walicheka mpaka maji yakamwagika. Mama Émérance peke yake hakucheka. Nyirakamana akanivuta shati, akauliza kama nimesahau nani aliuza maharagwe kwa kopo kule mutaa wa Mapendo miaka makumi mbili.

Nilikuwa nimesahau: ni hakimu wetu mwenyewe.

Mama akauliza, baridi kabisa, kama Papa Télesphore amemaliza. Akasema aliyepigwa, Kakule, atajibu kesho.

Jeudi, tarehe 9
Mushenzi Kakule! Ametoa hadithi ya mufugaji aliyekimbia vita na ng'ombe wake Gaju. Akamuvalisha ng'ombe koti lake. Kufika Sake akahesabu watu wake: Gaju yupo, muke hayupo!

Nikaruka. Uongo! Sikumusahau, nilimuacha kwa mama mukwe! Na lile koti lilikuwa la Gaju tangu zamani!

Foleni ikaanguka kwa kicheko. Kakule akaniuliza, polepole, nani alitaja jina la Télesphore.

Nikamuita kopo. Akaniita mavi ya ng'ombe. Hapo ndipo Nyirakamana akanyoosha mukono. Miaka hamsini sijamusikia akisema mbele ya watu! Akasema yake ni fupi. Wazee wawili waligombea shitingi siku ine. Siku zote ine, mvua ilikuwa inawanyeshea wake zao. Akakohoa. Akasema imeisha.

Mama Émérance akakunja shitingi, akamuwekea Nyirakamana mikononi.

Vendredi, tarehe 10
Mvua kubwa. Miye mukavu! Nyirakamana amemualika Bénie, muke wa Kakule, sababu nyumba yao inavuja kuliko yetu kabla ya shitingi. Basi na Kakule ameingia. Sharti ni moja: sisi wawili tusifungue kinywa. Ndiyo maana naandika.

Lakini nani ameshinda? Miye! Hadithi ya Nyirakamana ilikuwa juu ya nani? Nisingegombana, angesimulia nini, masikini? Mwalimu Honoré alisema yote, na nilimuelewa vizuri kabisa. Kesho wanagawa sufuria moja kubwa. Nimeisha anza hadithi moja juu ya muchuuzi mwenye tumbo.

Mutu akibisha, amuulize Kakule. Yuko hapa, goti lake linagusa langu, na anajua nimeshinda. Asipojibu, ni sababu amekatazwa kusema.