Upanga wa Bwana Benjamin Hauna Miaka Mia Tatu

Ndugu Mhariri wa jarida letu la Waswahili wa Sydney,

Amani iwe kwako na kwa wote wa ofisini mwako, hata wenye makosa.

Mimi ni Mama Zakayo wa Merrylands. Toleo lililopita mlitoa picha ya Bwana Benjamin ameshika upanga wa Kifilipino alioununua mnadani, mkaandika kwamba una miaka mia tatu. Mwanangu Zakayo, aliyeoa kwa watu wa Mindanao huko Ufilipino na kujifunza panga hizo kwa wakwe zake, aliwaandikia kwa adabu kuwasahihisha. Barua yake hamkuichapa. Mkalifuta na jina lake kwenye Siku ya Utamaduni ya Jumamosi, alikokuwa azungumzie panga hizo, nafasi mkampa Benjamin! Basi nalalamika:

1. Upanga ule unaitwa kalis. Zile za zamani, pale bapa linapopanuka karibu na mpini, pana kipande cha chuma kilichofuliwa peke yake kikaunganishwa. Za karibuni ni chuma kimoja, mhunzi kachora mstari tu kuigiza kiungo. Wa Benjamin ni mstari. Nimeuona kwenye picha yenu hiyo hiyo, tena bila miwani.

2. Pete za mpini ni alumini. Ndugu Mhariri, alumini! Miaka mia tatu iliyopita nani alikuwa nayo? Sufuria yangu ya ugali ni alumini, na sijawahi kupiga nayo picha nimekunja uso kama sultani.

3. Mlimjibu Zakayo kwamba Benjamin ni mtu mzima, haifai kumsahihisha. Zakayo tangu darasa la pili alikuwa anasahihisha walimu, mmoja mpaka akahama shule. Mkwe wangu Vicky alishawaalika wazazi wake waje kumsikiliza mumewe. Sasa wakae kwenye viti vya mbele, Benjamin awaeleze upanga wa kwao? Mwanangu anapita nyumbani kwangu, chakula hagusi. Hilo ndilo linaloniuma.

4. Kwa kuwa mmeshindwa kutofautisha kikongwe na kichanga, Zakayo apewe kazi ya kukagua kila kinachoitwa cha kale katika jumuiya: ngoma za babu, kanga za urithi, na umri wa Bwana Benjamin, ambaye kila mwaka ana miaka hamsini na mbili tangu tuhamie nchi hii.

5. Atakayebisha neno la Zakayo juu ya chuma asipewe tena kipaza sauti, wala pilau. Neno lake liwe la mwisho. Huyo nimemzaa mimi, hajui kukosea.

Jina lake lirudi kabla ya Jumamosi. Nisalimie Mama Arakaza na kichanga chake, kwaya nzima, na mke wa Benjamin, ambaye kosa lake ni kuolewa tu.

Wako mwenye uchungu wa mwana,
Raheli, Mama Zakayo

Nyongeza: Nami nina kalis yangu, nimeitundika juu ya televisheni. Niliipata Bankstown, hapa hapa Sydney, na ndugu zangu wote Kigoma wanajua kuwa ni ya sultani. Zakayo kaishika mara moja tu, akasema ilitengenezwa juzi kwa ajili ya watalii. Mtoto yule wakati mwingine hukurupuka. Naomba mnitumie mtu anayezijua panga kweli kweli. Hata Bwana Benjamin atafaa, nitampikia.