Doa Tukufu la Jezi Sitini na Sita

Inatangazwa kwa watu wote, na hasa kwa wakazi wa Saint Paul na vitongoji vyake hadi Oakdale, kwamba mwezi Septemba mwaka 2014 timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Norrvik ilitimiza miaka mia moja bila kushindwa. Kamati ya Historia ililipitisha jambo hilo kwa kura tisa dhidi ya sifuri. Mechi ambazo wapinzani walipata pointi nyingi zaidi, nazo zilikuwa karibu zote, zilipewa jina la kitaalamu: ushindi uliocheleweshwa. Uko ushindi wa mwaka 1923 ambao mpaka leo haujafika, lakini Kamati inaufuatilia.

Ushindi mmoja tu ulifika kwa wakati wake, ule wa mwaka 1974. Kwa mujibu wa ukurasa wa kumi na mbili wa Historia Rasmi, siku hiyo kijana wa jezi namba sitini na sita aliukumbatia mpira, akatambaa kwa tumbo katika tope yadi ishirini nzima, wanaume wanne wamemkalia mgongoni, akaufikisha kwenye mstari wa ushindi. Kijana huyo ndiye Daktari Tollefson, Rais wa Chuo. Ukurasa wa kumi na mbili aliuandika yeye mwenyewe, ili kuwapunguzia wajumbe kazi.

Jezi hiyo ilikuwa imekaa miaka arobaini ndani ya mfuko wa plastiki bila kuguswa na maji. Kifuani ilikuwa na doa la kahawia, pana kama sahani ya chai, ambalo Kamati ililipa jina la Tope la Ushindi. Wajumbe waliliangalia kwa zamu. Mmoja alilia.

Basi jezi na suruali yake vikateremshwa chumba cha kufulia, chini ya jengo la michezo, kwa Bernardine.

Bernardine alikuwa mjane kutoka Bukavu. Kanisani walimwita Mama Maombi, kwa jina la binti yake. Alikuwa amefanya kazi pale miaka sita. Mpira wenyewe hakuuelewa hata kidogo. Aliona wanaume wazima wanarukiana kama wanaogombea mkungu wa ndizi, halafu wote wanasimama kupumzika. Lakini nguo alizielewa. Kila Jumatatu alizitandaza mezani moja moja, akajua mambo yote ya Jumamosi: nani alikimbia, nani aliburutwa, nani aliogopa akajifanya amejikwaa. Na kila namba aliiombea. "Bwana, huyu saba, angalia goti lake. Huyu thelathini na moja, mpe nguvu ya kushika kitu kikae mkononi."

Jezi sitini na sita ilikuja na barua ya kurasa nne. Ilisema vazi hilo litabarikiwa na mchungaji siku ya sherehe, mbele ya umati, na kwamba "liandaliwe kwa heshima yote inayostahili vazi la hadhi hiyo." Ilitaja uzito wa historia mara kumi na moja. Haikusema popote: usifue.

Sasa mtu wa kanisa la Bernardine ukimwambia nguo inapelekwa mbele ya mchungaji kubarikiwa, na nguo yenyewe ina doa kifuani, atafanya nini? Aliiroweka katika beseni la maji baridi, akaweka sabuni, akafikicha taratibu kwa kidole gumba huku anaimba. Suruali akaiacha kwanza pembeni, mpaka zamu yake ifike.

Ilipofika saa nne asubuhi jezi ilikuwa nyeupe kama shuka ya meza ya Bwana.

Nkatha, Mkenya wa ofisi ya wafanyakazi, aliteremka ngazi mbio, kitambulisho chake kinamrukaruka shingoni.

"Mama Maombi! Ati uliosha nini?"

"Ile jezi ya Papa Président, huyu Rais wa Chuo. Angalia vile inang'aa."

Nkatha akakaa juu ya kikapu cha soksi. "Mama, uliosha historia. Wameitisha kikao saa nane. Wanataka kukufuta kazi, na mimi ndiye nita-translate."

Bernardine alipiga hesabu. Kazi ya mchana ikiondoka, iliyobaki ni ile ya bohari kule Shakopee, zamu ya usiku, na maombi ya Jumatano atayasikia kwa simu, kama mgonjwa. Akakunja taulo mbili. Kisha akaenda kuangalia beseni, ambalo hakuwa amelimwaga, na kulikuwa na jambo pale lililomfanya achuchumae. Akaitandaza na suruali mezani, mbele, halafu nyuma. Akatikisa kichwa.

"Nkatha, mwanangu, mwambie Papa Président nataka kuongea naye peke yake. Kwa faida yake."

Nkatha akapiga simu. Jibu lilirudi upesi: Historia haina siri. Kama mfuaji ana la kusema, aseme mbele ya Kamati.

"Haya," Bernardine akasema, akabeba beseni.

Kikaoni walikuwa wajumbe tisa, Rais wa Chuo katikati, na mzee Alfred, nahodha wa mwaka 1974, aliyeletwa ili kushuhudia hasara. Katibu alisoma shtaka: kuangamiza tope kwa makusudi.

"Bwana asifiwe," alisema Bernardine. Nkatha alitafsiri kuwa anawasalimu. "Wakubwa, mimi sikusoma sana. Lakini tope nalijua. Tope ukiliroweka, mchanga unalala chini ya beseni. Angalieni wenyewe."

Wajumbe wakainama juu ya beseni. Chini hapakuwa na hata punje moja. Ukingoni kulikuwa na msafara wa sisimizi, wamejipanga vizuri kuliko timu.

"Haiko tope," akasema Bernardine. "Tope gani inaita sisimizi? Ni kitu ya sukari. Mimi nadhani ni kakao ya moto, ilimwagika mtu akiwa amekaa, maana ilishuka mpaka kiunoni ikaishia kwenye mkunjo."

"Hilo halihusiani na ajenda," alisema Rais wa Chuo.

"Na suruali sijaifua. Magoti haya, Papa, ni meupe kama siku ya kushonwa. Majani hayatoki kwa sabuni, hata miaka mia. Lakini huku nyuma," akaigeuza, "kuna mistari mitatu ya rangi ya kijani. Hii ni rangi ya benchi. Ilikuwa mbichi kidogo."

Wajumbe wakainamia suruali. Halafu mzee Alfred akaanza kucheka, polepole, mpaka wakamletea maji.

"Kakao ilikuwa yangu!" alisema. "Nilimwambia Tolly, nishikie kikombe, naingia uwanjani. Alirusha mikono kushangilia nilipofunga!"

Kamati ilikaa faraghani dakika ishirini, ikatoka na maazimio kwa kura tisa dhidi ya sifuri. Kwanza, mfuaji hana hatia, kwa kuwa alichokifua hakikuwa historia. Abaki kazini, zamu ya mchana. Pili, ukurasa wa kumi na mbili si uongo. Ni ukweli uliocheleweshwa.

Kabla ya jioni wajumbe wanne walishuka kwa Bernardine, kila mmoja kwa wakati wake, kuchukua jezi zao za zamani walizokuwa wamezitoa kwa makumbusho ya Chuo, zikaletwa kwake kuandaliwa. Walisema wake zao wamezikumbuka.

Kesho yake akashuka Rais wa Chuo mwenyewe. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

"Mama," akauliza, "majani yanaingiaje kwenye nguo?"

Kiingereza cha namna hiyo Bernardine alikiweza. "Kwa kuanguka, Papa. Uwanja uko pale."

Jumamosi asubuhi, kabla ya mechi, Chuo kilibandika tangazo la zoezi la kukamilisha kumbukumbu. Waliopita uwanjani walimwona Daktari Tollefson, miaka sitini na moja, ndani ya suruali ya 1974 iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, akitambaa kwa magoti na mpira kifuani. Mzee Alfred alikuwa kwenye benchi, anakunywa kakao na kuhesabu yadi kwa sauti. Zilifika tatu.

Jumatatu suruali ilikuwa kikapuni, magoti kijani mpaka kwenye uzi. Ilikuja na barua ya Kamati, ya mstari mmoja: "Tafadhali usifue."

Bernardine aliitandaza mezani, akaweka mkono juu yake. "Bwana," akasema, "huyu sitini na sita, hatimaye ameingia uwanjani. Mwangalie mgongo."