Nyumba ya Msimamizi wa Ngokolo

Jumatatu, 8 Novemba 1954

Mvua ya kwanza. Chumba changu kinavuja palepale nilipomwonyesha mwenye nyumba mwaka jana. Haidhuru. Sitakaa hapa sana.

Bibi Mkaguzi wa Chama cha Kusaidia Mitaa anakuja Jumamosi kutoka Dar es Salaam. Atatazama madarasa yetu mawili hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, kisha atateua msimamizi mmoja wa kudumu. Msimamizi atajengewa nyumba nyuma ya ukumbi: mabati, sakafu ya saruji, dirisha la kioo. Mimi Donatus, mwalimu wa useremala, mtu wa Bukoba tena niliyesoma, nimekwishaamua kitanda kitakaa upande gani.

Mpinzani wangu ni Mama Ghati, Mkurya, anayefundisha wanawake kushona. Darasa lake limejaa hadi barazani. Ni wanawake ambao waume zao walikwenda Geita kutafuta dhahabu, na hawajarudi na dhahabu wala bila dhahabu. Wanashona gauni za watoto, wanauza sokoni, wanajiona. Kelele tupu. Darasa langu ni tulivu. Halina mtu.

Si kosa langu. Nilipata vijana watatu mwezi uliopita. Wakaniomba nimalize kwanza kigoda nilichoanza mwenyewe, ili waone kinavyosimama. Watu wasiotaka kusoma hawakosi visingizio. Kigoda kinasimama vizuri sana ukikiegemeza ukutani.

Jumanne, 9 Novemba

Nimepima nyumba yangu. Nimechomeka vigingi, nimefunga kamba, vyumba vyote vinaonekana pale chini. Nimesimama sebuleni kwa muda. Kunafaa.

Mama Ghati akapita, akauliza nitaanika nini kwenye kamba zilizo chini hivyo. Nikamjibu kwamba ni mambo ya kitaalamu. Akasema haya, mwalimu, akaenda zake. Sipendi anavyolitamka neno mwalimu.

Jioni nimekwenda sokoni nikaeneza habari kwamba kukanyaga cherehani kunaharibu kizazi. Kesho ukumbi wake utakuwa mweupe.

Jumatano, 10 Novemba

Wamekuja wanafunzi wapya wanne kwa Mama Ghati. Wote wana watoto saba na kuendelea. Wanauliza ni cherehani ipi.

Mji huu hauna akili.

Alhamisi, 11 Novemba

Nimepata dawa. Nje kidogo ya mji yuko Jilala, manju wa kikundi cha bugobogobo, wale vijana wanaolima kwa ngoma. Ukiwaita wanakuja wote, wenye nguvu, wamejipanga mstari. Nani atamwambia Bibi Mkaguzi kwamba hawajawahi kushika randa?

Nimepanda baiskeli hadi kwake. Nikaitikia salamu zao za mwangaluka, ambazo haziishi. Nikamwambia naomba vijana wake Jumamosi asubuhi, kazi ipo ukumbini Ngokolo, waje na vifaa. Jilala akauliza ng'ombe wangu ana rangi gani. Msukuma hawezi kumaliza mazungumzo bila ng'ombe. Nikamwambia mwekundu, pembe ndefu, wa Kihaya hasa. Akauliza mpole au mkali. Nikasema mkali sana. Akafurahi, akaanza kutunga wimbo palepale mbele yangu. Watu hawa ni wepesi kama watoto.

Jumamosi, 13 Novemba

Siku ya aibu, ingawa si yangu.

Bibi Mkaguzi alifika mapema, kofia kubwa, Kiswahili cha pwani. Nikamkalisha barazani. Nikamwambia wanafunzi wangu wako njiani, wana bidii hivi kwamba huja darasani wakiimba. Ngoma ikasikika. Uso wake ukachanua.

Wakatokea. Njuga miguuni, manyoya kichwani, kila mmoja na jembe begani. Mimi nilisema vifaa. Nilitegemea hata msumeno mmoja.

Jilala akauliza shamba liko wapi. Kabla sijafungua mdomo akaziona kamba zangu. Akanisifu kwa kuwapimia ngwe za kulima mapema, maana wenye mashamba wengi hawana adabu hiyo. Akagawa vijana, kundi moja kila chumba, washindane. Nikapiga kelele, lakini ngoma ilikuwa juu zaidi. Majembe yakarushwa hewani yakadakwa, na kila yaliposhuka yalishukia nyumbani kwangu. Chumba cha kulala kilikuwa cha kwanza kwisha. Sebule ikawa matuta yaliyonyooka vizuri mno.

Bibi akapiga makofi. Akauliza kama hili ni somo la kilimo. Nikasema ndiyo, nimelianzisha mwenyewe. Hapo bado ningeokoka. Lakini akataka kujua wimbo unasema nini, na Mama Ghati, ambaye hajawahi kukutana na jambo lisilomhusu, akamfasiria: wanamsifu mwalimu kwa yule ng'ombe mwekundu, mkali, mwenye pembe ndefu, atakayewachinjia leo.

Bibi akageuka akaniuliza huyo ng'ombe yuko wapi. Ngoma nayo ikanyamaza. Nikasema yuko Bukoba.

Hakuna aliyenieleza kwamba ukiita kikundi cha kulima lazima uchinje, na kwamba rangi inaulizwa ili iingie kwenye wimbo. Miaka yote niliyokaa Shinyanga, mtu mmoja angeweza kuniambia. Hivi ndivyo walivyo, wanakuficha mambo.

Jilala hakukasirika. Angekasirika ningemjibu. Alisema tu kwamba watasubiri. Wakaketi chini mbele ya ukumbi wakinitazama, na Bibi naye akinywa chai huku akinitazama. Nilijaribu kueleza umbali wa Bukoba, kivuko, maradhi ya mifugo. Hakuna aliyeuliza swali.

Mwishowe wale wanawake wa cherehani wakachanga unga wao wenyewe. Wakapika ugali wa mtama, mlenda na dagaa. Mama Ghati akamwomba Jilala radhi kwa niaba ya mtaa, kwa unyenyekevu niliouona umezidi. Jilala akapokea. Akasema basi ngwe hizi ni za waliowalisha vijana, na baiskeli ya mwalimu itakaa kwake mpaka ng'ombe afike.

Wakaondoka wakiisukuma na kuimba wimbo uleule. Wamebadilisha rangi tu. Baiskeli ni nyeusi.

Jumapili, 14 Novemba

Bibi Mkaguzi ametoa uamuzi baada ya kanisa. Msimamizi ni Mama Ghati. Nyumba haitajengwa, kwa sababu Mama Ghati ana ya kwake na amesema matuta yabaki. Wanawake watapanda karanga. Vijana wawili wa Jilala wameomba kujifunza kushona suruali, na wamekubaliwa. Darasa la useremala limefungwa.

Kwangu Bibi alikuwa na maneno machache. Alisema nina kipaji cha kuita watu, ila wakishafika sina cha kuwapa. Kisha akasema nikitaka naweza kubaki kama mwanafunzi. Mama Ghati akaongeza kwamba nafasi ipo, karibu na dirisha.

Iliniuma. Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilikwenda nyuma ya ukumbi nikasimama mahali palipokuwa sebule, na viatu vikazama kwenye tope. Wanawake walikuwa wanapanda. Hakuna aliyenicheka, na hilo sitawasamehe.

Jumatano, 17 Novemba

Niko Kagongwa. Nimeshuka treni Isaka nikaja kwa miguu. Nimeyatafakari yote njiani na nimeona kosa lilikuwa wapi: Ngokolo palikuwa padogo kwangu.

Hapa kuna padre anayetaka mwalimu wa kufyatua na kuchoma matofali, awafundishe vijana waliorudi kutoka machimboni mikono mitupu. Amefurahi kuniona. Akauliza kama naijua kazi. Nikamwambia nusu ya Bukoba inalala ndani ya matofali yangu. Akauliza kama nina wasaidizi. Nikasema wanne, mafundi wakubwa, watafika Jumatatu.

Mzee wa watu akanishika mkono kwa shukrani. Anasema nyumba ya mwalimu itajengwa kwa matofali ya tanuri langu la kwanza. Nimemwambia aagize mabati leo leo.