Nyumba ya Mama na Ngazi za Wakili

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mwenye nyumba wetu, muuguzi mstaafu, anahamia kwa binti yake Jumamosi, na nyumba anaiuza. Mama amepanga humo miaka kumi na tisa, kwa hiyo tumepewa nafasi ya kwanza: hadi Ijumaa tuwe tumeandikishana kwa wakili. Tukishindwa, anamuuzia jirani, muuza saruji, anayetaka kuigeuza ghala. Fedha ipo, Mama amedunduliza. Kutafuta wakili na kutia sahihi kwa niaba yake nimeachiwa mimi, eti ndiye msomi wa familia.

Wakili wa kwanza: nilimwona mteja akitoka analia. Sikuingia. Wa pili: katibu wake aliniuliza shida yangu. Nikasema nimepotea njia. Akanionyesha njia. Nikaifuata.

Jumanne, 4 Machi
Nimempata! Ofisi iko ghorofani, mlango ulikuwa wazi, akaniona kabla sijageuka. Mama mtu mzima, miwani ina kamba. Aliuliza kama nimehakikisha kwa msajili wa ardhi kwamba nyumba haina kesi. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri, ila atahakikisha mwenyewe. Kumbe anajua watu.

Jumatano, 5 Machi
Nyumba ni safi. Amenipa mkataba nikausome nyumbani, kesho mimi na muuguzi tutie sahihi mbele yake. Nimeusoma mara nne. Nikawaza, kwa nini nimchoshe mama wa watu? Nimetia sahihi kila ukurasa. Ikabaki nafasi tupu ya shahidi. Ofisini kwetu fomu yenye nafasi tupu hurudishwa, na karani hufokewa. Nikaijaza. Mimi mwenyewe. Mahali pa muuzaji sikutia sahihi. Mimi si mhalifu. Nimeandika jina lake tu, kwa penseli.

Alhamisi, 6 Machi
Wakili alivua miwani. Aliuliza shahidi ni nani. Nikasema mimi. Akauliza kama nilijiona nikitia sahihi. Nikasema ndiyo, vizuri kabisa, taa ilikuwa inawaka. Kisha akasema haya kijana, shahidi ni yeye wakili, na karatasi hizo sasa ni za kufungia misumari. Mkataba utachapwa upya, turudi kesho saa nane. Muuguzi alisema miaka thelathini wodini hajaona mgonjwa anayejidunga sindano kisha akajipa pole. Nilitamani ardhi inimeze, hata isiyosajiliwa.

Ijumaa, 7 Machi
Mbinu: muuguzi aingie kwanza, hasira za wakili zimwishie yeye. Saa saba nilikaa mgahawani ng'ambo ya barabara, macho mlangoni, simu nimezima nisije nikaitwa. Saa nane. Muuguzi hajatokea. Saa nane u nusu. Nikamlaani kwa kuchelewa. Saa tisa alipita muuza saruji, amevaa tai. Nikadhani anapanda kwa daktari wa meno, jirani wa wakili. Saa kumi akashuka na muuguzi, wanacheka.

Kumbe muuguzi alikuwa juu tangu saa sita, anakunywa chai na wakili! Walinipigia mpaka wakachoka. Wakaona nimeingia mitini, akaitwa muuza saruji.

Nilimkuta Mama anashusha mapazia. Hakunigombeza. Alisema tu, mwanangu, si ungepanda ngazi. Afadhali angenichapa.

Jumapili, 9 Machi
Somo limeniingia! Kosa lilikuwa mawakili. Leo nimempata dalali, wanamwita Kasuku. Ana nyumba nzuri kuliko ile, ingawa tumeichungulia dirishani tu, kwa sababu ufunguo uko kwa shemeji yake. Anasema wakili ni wa watu wasioaminiana, na sisi tayari ni ndugu. Hakuna ngazi, hakuna maswali! Kesho alfajiri anakuja kuchukua akiba ya Mama. Leo amenipa karatasi tupu nitie sahihi, maelezo ataandika mwenyewe akipata nafasi. Chini kabisa, alisisitiza. Nimetia mbili, asije akahangaika kunirudia.