Duara Jekundu la Daktari Truax

"Usipumue," alisema Lucian Truax, akiuburuza msumari wa shaba juu ya mgongo wa Bibi Winifred Coggins. Mashine iliyokuwa mezani ikalia piii. Isingekosa kulia: chini ya meza, kidole gumba cha mguu wa Truax kilikuwa juu ya swichi.

"Lyme," akatangaza kwa sauti ya msibani. "Ule ugonjwa wa kupe, tena wa miaka mingi. Umejificha."

"Nilijua!" Winifred nusura apige vigelegele. Hospitalini walimpima, wakasema ni baridi yabisi ya magoti. Lakini katika mji ule wa jimbo la Connecticut, Marekani, ambako kila familia ina kisa chake cha kupe, kuambiwa una uzee tu ni kama kutukanwa.

"Ninywe vidonge vya hospitali?"

"Thubutu, mama! Vidonge humwamsha mdudu aliyelala. Ni msumari na kikombe changu, basi."

Kikombe kilikuwa na siki na vitunguu saumu. Mlangoni, shemeji yake Winifred, Otis, alisubiri zamu yake, suruali ameichomeka ndani ya soksi nyeupe, kama wenyeji wote wanaopita majanini wakikwepa kupe. Truax, mtu wa Boston, aliwacheka kimoyomoyo kwa mtindo huo. Yeye alivaa kaptura, hata siku aliyokwenda kuchuma beri shambani kwa Winifred.

Winifred akainama kuokota miwani yake. Chini ya meza akaona mambo mawili: kidole kwenye swichi, na juu ya kifundo cha mguu, duara jekundu lenye kitovu chekundu.

Akainuka polepole.

"Masikini, Daktari! Umeumwa na kupe."

Truax akajitazama. Uso ukamsawijika. Duara lile alilijua vizuri. Alikuwa amelichora mwenyewe kwenye bango la mlangoni, kama alama ya Lyme.

"Nna... nna safari fupi. Hospitali. Rafiki yangu amelazwa."

"Hospitali, kwa wale wa vidonge? Watamwamsha mdudu! Otis, funga mlango. Daktari wetu anataka kujiua."

"Hafi mtu hapa," alisema Otis, mtu wa imani thabiti, akaketi mbele ya mlango kwa mwili wake wote.

Truax akalazwa kifudifudi. Winifred akashika msumari, akavua kiatu, akapeleka mguu chini ya meza. Piii.

"Lo! Umejificha huu."

"Bibi Winifred," Truax alinong'ona, "vidonge vikiwahi vinaponya kabisa. Niache niende."

"Sema kwa sauti, Daktari. Otis hasikii vizuri."

Truax akamtazama Otis. Nyuma ya Otis, dirishani, wateja wengine watano walikuwa wamebandika pua kwenye kioo.

"Haya, kikombe," alisema Winifred kwa upole. Truax akanywa, machozi yakamtoka. "Leo tunamaliza mgongo. Mguu ni kesho asubuhi, ila ukikumbuka la kuwaambia hawa watu, hata sasa hivi mlango utafunguliwa. Usipumue."

Piii.